Kimya na Kisanduku cha Mzee Kipaza

Mume wangu wanamwita Kimya. Jina hilo sikumpa mimi, nimelikuta. Ukimuuliza kama ameshiba, anatikisa kichwa. Ukimuuliza kama chumvi imezidi, anatikisa kichwa kilekile, kwa namna ileile, na wewe mwenyewe uamue kama ni ndiyo au hapana. Siku aliyokuja nyumbani kunichumbia, rafiki aliyemsindikiza ndiye aliyezungumza mwanzo hadi mwisho, mpaka mama yangu akaniita pembeni na kuniuliza, "Mwanangu, ni yupi hasa kati ya hawa wawili anayekutaka?"

Na kazi yake sasa! Jirani yangu mumewe anauza matairi. Ukimuuliza mumeo anafanya nini, anajibu "matairi," mazungumzo yanaendelea. Mimi lazima nivute pumzi kwanza. Mume wangu anaandika programu, lakini si zile mnazoziona kwenye kioo cha simu, hapana, ni zile ndogo zilizojificha chini kabisa, zinaitwa viendeshi, zinakaa katikati ya mashine na kifaa kilichochomekwa kwenye mashine ili wasigombane. Nikifika hapo huyo aliyeuliza ameshaanza kutafuta funguo zake.

Basi siku moja nikaona aibu imetosha. Mimi ni dobi; chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho duka langu, nina dirisha la kupokelea wateja na rafu hadi darini. Nikamsimamisha Kimya katikati ya mashuka nikamwambia, "Leo hutoki hapa mpaka unieleze unacholipiwa mshahara."

Akaziangalia rafu zangu muda mrefu. Kisha akafungua mdomo.

"Mteja akikuletea nguo, unampa nini?"

"Kikadi chenye namba."

"Namba hiyo ni ya rafu?"

"Thubutu! Rafu naijua mimi. Leo suruali yake iko juu, kesho nimeisogeza kwenye kapu kwa sababu yamekuja mapazia. Yeye namba yake inamtosha."

"Basi prosesa, ule ubongo wa mashine, ndiyo mteja wako," akasema. "Ina namba, na inadhani namba ndiyo mahali penyewe. Kumbe memori ni rafu, vitu vimetawanyika huku na huku. Katikati kuna ramani inayosema namba fulani iko rafu fulani. Kifaa kinaleta mzigo, kiendeshi changu kinautafutia rafu na kuuandika kwenye ramani, prosesa inakuja na namba yake inauona. Ikimaliza, naifuta kwenye ramani na kuifagia rafu kwa ajili ya mwingine. Ndiyo kazi yangu."

"Na ukikosea?"

"Mtu anapewa suruali ya mwenzake."

Nikamgusa kwenye paji la uso nione kama ana homa, maana tangu tuoane sikuwahi kumsikia akiunganisha sentensi nyingi namna ile. "Kumbe na wewe ni dobi," nikamwambia, "ila nguo zako hazinukii." Akacheka. Akarudi kwenye ukimya wake akafunga mlango.

Maji hufuata mkondo, wanasema. Haya ya kwetu yalipanda mlima, kwa sababu baba mzazi wa huyu Kimya alikuwa mnadi, na mji mzima walimwita Mzee Kipaza. Alinadi vitanda, alinadi ng'ombe, alinadi magari yasiyo na injini na watu wakagombania, na hajawahi kushika kipaza sauti maishani mwake. Alikuwa akisalimia akiwa barabara ya pili, sisi huku tunaitikia. Alipofiwa na mkewe akahamia kwetu, na nikwambie ukweli, nilimpenda mzee yule kuliko nilivyotegemea. Nyumba iliyokuwa na Kimya peke yake ilikuwa kama benki. Alipokuja yeye ikawa nyumba.

Kisha masikio yakaanza kumtupa mkono. Mwanzo alitulaumu sisi kwamba tunatafuna maneno. Baadaye akalaumu redio. Hospitali wakampima, wakampa kifaa cha kuvaa sikioni, kikampigia filimbi tu mchana kutwa mpaka akakitia kwenye glasi ya maji. Ukimpigia kelele karibu na sikio la kushoto alikuwa anapata kitu, lakini alishapiga marufuku. "Mimi si punda," alisema. "Mtu asinipigie kelele." Basi akawa anakaa barazani kimya, yeye, Mzee Kipaza! Nilikuwa nikipita na kapu la nguo naona haya, utadhani mimi ndiye niliyemchukulia masikio.

Siku moja tukiwa mezani akaweka kijiko chini.

"Kutosikia hakuniui," akasema. "Kinachoniua ni kicheko. Mnacheka, na mimi nimekaa hapa kama kabati. Nimemtuma mtu ampigie simu dada yangu. Jumapili anakuja kunichukua. Kule shambani kwake hakuna mazungumzo, kwa hiyo sitayakosa."

Shambani kwa shangazi ni mbali, huendi leo ukarudi leo. Na shangazi mwenyewe ni mwema, lakini anaishi na mbuzi. Nilijua mzee akienda kule hatutamwona tena akiwa mtu. Nikamgeukia mume wangu nikingoja aseme neno. Akatikisa kichwa!

Nilimfuata jikoni nikiwa nimevimba. "Wewe mwanamume! Huyu ni baba yako anaondoka, si fundi bomba aliyemaliza kazi! Huwezi kumwambia akae?"

Akachukua kikombe kilichokwisha kuoshwa, akakiosha. "Sijui kumwambia," akasema. "Tangu zamani sijui. Ila nitajaribu kitu."

Kitu chenyewe alikileta katikati ya wiki kutoka kwenye karakana yao, ambayo ni vyumba viwili juu ya duka la rangi. Kilikuwa kisanduku chenye ukubwa wa mche wa sabuni, upande mmoja kina tundu la kusikilizia, upande wa pili kioo. Ukisema, maneno yako yanaandikwa kwenye kioo. Wenzake wameshughulika na kuyatambua maneno. Yeye kazi yake ni ileile ya rafu na ramani, kuhakikisha kinachosikiwa huku kinafika kule.

Mzee alikipokea kwa dharau akakiweka mbele ya sahani yake. Nikasimulia habari ya mteja wangu aliyeleta koti kufuliwa, ndani ya mfuko mna samaki wa kukaanga na risiti yake. Tukacheka, tukamaliza, tukaingia kwenye habari za jirani aliyefiwa na mama yake. Hapo ndipo Mzee Kipaza akaangua kicheko, akapiga meza, machozi yakamtoka. "Samaki na risiti!" Mgeni aliyekuwa amekuja kutuletea habari za msiba akasimama, akaaga, akaenda zake.

"Mwanangu," mzee akamwambia Kimya, "chombo ni kizuri, lakini maneno yako yanakuja kwa miguu."

Kimya akakirudisha kisanduku karakana, akaketi nacho mbele ya kompyuta yake akipunguza hiki na kile, na alipokirudisha kilikuwa kinakimbia. Unasema "a," imeshaandikwa. Nikampongeza. Laiti ningejua amepunguza nini!

Asubuhi yake nilipita barazani na kapu kichwani, nikamsalimia mzee kama kawaida. "Shikamoo baba, umeamkaje?"

Akakisoma kioo. Akakisoma tena. Akavua miwani akaifuta, akairudisha.

"Marahaba," akasema kwa heshima nzito. "Nimeamka salama. Na usijisumbue mwanangu, nitaondoka mwenyewe, kwa miguu yangu."

Nikaweka kapu chini nikachungulia. Kioo kilisema hivi: *Shikamoo baba umeamkaje nitakufukuza kama mbwa.*

Yowe nililopiga nadhani hata yeye alilisikia. Kimya akatoka mbio na mswaki mdomoni. Ikabidi aeleze, na povu likimdondoka. Maneno ya mwisho yalikuwa ya bosi wake. Alikuwa akimfokea kwenye simu mtu anayewaletea nyaya, kisanduku kikiwa mezani karakana. Maneno yakakaa kwenye rafu. Na Kimya, ili kisanduku kipate mbio, alikuwa ameacha kufagia. Alijisemea rafu haina haja ya kufagiwa, maneno mapya yatafunika ya zamani.

"Na maneno mapya yakiwa mafupi?" nikamuuliza.

Akatoa mswaki mdomoni. "Mkia wa yale ya zamani unabaki."

"Kwa hiyo mtu wa maneno machache ndiye atakayeonekana mwendawazimu! Na hapa ndani mtu wa maneno machache ni nani? Umejitengenezea adui mwenyewe!"

Tulikaa na mzee tukimweleza, na ilitubidi tuseme sentensi ndefu ndefu ili zifunike mikia. Nilimwona mume wangu akitokwa na jasho akitafuta maneno ya kujazia. "Baba samahani sana kwa kweli hili ni kosa langu mimi mwenyewe na wala si la mke wangu hata kidogo leo Alhamisi asubuhi hapa barazani." Mzee akasoma, akatikisa kichwa, na nikajua sasa mtoto tabia hiyo aliitoa wapi.

"Mashine haisemi ambacho haikuambiwa," akajibu. "Kuna mtu alisema." Akainuka akaenda kulala, jua ndiyo kwanza linapanda.

Jumamosi Kimya alijifungia na kisanduku kwenye chumba changu cha kupigia pasi. Alisema amerudisha ufagio, na sasa anajaribu. Nilikuwa dirishani na wateja, nikimsikia kwa mbali akinong'ona na kunong'ona. Nikadhani anahesabu moja mbili tatu, kama wanavyofanya watu wa vyombo vya muziki. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Mvuke wa pasi," akasema.

Pasi yenyewe sikuwa nimeiwasha. Lakini nilikuwa na mashati ya mzee ya kunyoosha kwa ajili ya safari, na moyo wangu ulikuwa mzito, sikumwuliza.

Jumapili shangazi akaja na gari la kukodi, na kofia, na haraka. Dereva akabaki nje akipiga honi. Tukakaa barazani, mzee katikati na kisanduku kimeegemea kopo la sukari, sanduku lake la nguo miguuni. Mimi nilisimama nyuma yake nikimimina chai, kwa hiyo alichokuwa anakisoma yeye, mimi pia nilikisoma. Dirishani kwangu mteja mmoja mnene alikuwa anagonga na kikadi chake akitaka suruali. Nikamwonyesha mkono asubiri.

"Haya kaka, twende," shangazi akasema, "gari linangoja."

Kioo kikaandika: *Haya kaka twende gari linangoja baba usiondoke.*

Mzee akamtazama dada yake. "Nani baba yako?"

"Nini?" shangazi akashangaa.

Kioo: *Nini nakuomba usiondoke.*

"Amua basi!" mzee akanguruma. "Umeniletea gari kutoka huko kote, sasa unaniomba nisiondoke?"

"Mimi? Sijasema hivyo!"

*Mimi sijasema hivyo niliogopa sauti yako lakini sasa nyumba imenyamaza naogopa zaidi.*

"Uliogopa sauti yangu? Wewe uliyenipiga na mwiko mpaka naoa?"

Shangazi akanigeukia mimi. "Kaka yangu ameanza lini kuchanganyikiwa?" Na kioo kikameza swali lake zima na kuongeza mkia wake: *nililala chini ya meza yako ya mnada nikisikia unauza makabati nikajua niko salama.*

Mzee akaacha kupiga kelele. Nami nikaweka birika chini. Nikamtazama mume wangu, na yeye ndiyo kwanza ananyoosha shingo kuona kioo. Rangi yote ilimtoka.

Aliruka. Mtu huyu sijapata kumwona akiruka. Alipita juu ya miguu ya shangazi, akakikamata kisanduku, akachomoa waya, kioo kikazimika, huku anasema, "Ni hitilafu baba, ni hitilafu! Nilifagia, lakini prosesa ina kipande chake cha ramani imekiweka mfukoni, nilipaswa kuiambia ikitupe, sikuiambia, inarudi kwenye rafu za jana, hayo ni ya jana, si ya leo!" Sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema, na amemwambia kiziwi, na kisanduku amekizima mwenyewe.

Mzee Kipaza alimwacha amalize kuchezesha midomo.

"Chini ya meza yangu ya mnada alilala mtoto mmoja tu," akasema. "Mama yake alikuwa anauguzwa hospitali, sikuwa na pa kumwacha. Kwa hiyo najua ni ya nani. Ninachouliza ni kimoja. Ni ya kweli au si ya kweli?"

Kimya akasimama na waya mkononi. Angeweza kusema si ya kweli, ni majaribio, na mambo yakaisha. Lakini mume wangu ana ugonjwa mmoja: hawezi kusema uongo kuhusu mashine. "Ni ya kweli," akasema. "Ila haikuwa mahali pake."

"Sisikii."

"Ni ya kweli."

"Sisikii, mwanangu. Na usiniwashie hilo dude lako. Njoo hapa." Akageuza kichwa, akavuta sikio la kushoto kwa vidole viwili. "Leo nimeruhusu. Piga kelele."

Jamani! Nilimwona anakwenda kama mtu anayeitwa kung'olewa jino. Akapiga magoti kando ya kiti. Akafungua mdomo, ikatoka hewa.

"Usiondoke," akasema.

"Ah!"

"Usiondoke, baba!"

"Hivyo ndivyo mtu anavyopiga kelele? Kwa sauti hiyo nisingeweza kuuza hata kijiko!"

"USIONDOKE, BABA!"

Kuku wa jirani wakatawanyika. Muuza matairi akafungua dirisha lake la juu. Dereva aliyekuwa akipiga honi akaacha honi.

"Sababu?" mzee akauliza, sikio bado liko vidoleni.

"KWA SABABU NAKUPENDA!" Kimya akapaza, mishipa ya shingo imemtoka, machozi yanamtiririka na wala hakukumbuka kuyasingizia mvuke. "NA SIJUI KUISEMA! NA UKIENDA NITAKUWA SIJAISEMA!"

Nililia, sitaki kudanganya, nilishika aproni yangu nikalia ndani yake. Yule mteja mnene akaingiza kichwa kwenye dirisha langu hadi mabegani.

"Mzee!" akaita. "Kijana anasema anakupenda! Si umjibu? Sisi wengine tumesimama hapa tunataka suruali!"

Mzee Kipaza akaachia sikio lake. Akamshika mwanawe kichwani, akafungua mdomo, na hicho nilichokiona sikutegemea kukiona katika dunia hii: midomo ikacheza, sauti hakuna. Alinong'ona kitu. Shangazi akainama mbele, hata hivyo hakusikia. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua moja, na sikusikia.

"Umesemaje, baba?" Kimya akamwuliza sikioni.

Mzee akatikisa kichwa.

"Rudia. Sijasikia."

Basi mzee akavuta pumzi, kifua kikapanda, vikombe vyangu vikalia kwenye sahani zake.

"NIMESEMA SIENDI!"

Mteja akaangusha kikadi. Dereva akazima gari. Shangazi akanitazama, akavua kofia, kisha viatu, akaomba chai.